Maharagi ya Kilio

Shirika letu la Nguba, jumuiya ndogo ya kanisa mjini Bukavu, linajua kulia wafu. Sisemi hivyo kwa kulisifu. Nasema kwa sababu hasira yangu juu ya jambo hilo haijapoa hadi leo, na sina nia ya kuipoza.

Mtu akifa kwetu, kila kitu kinakwenda chenyewe. Jina lake linaandikwa katika daftari la nia za misa, upande wa kulia, ule wa wafu. Jumapili linasomwa mbele ya altare. Misa ikiisha, kila nyumba inaleta bakuli la maharagi, huyu anaongeza makala ya kuwashia moto, yule bidoni ya maji, na wanawake wanatandika mikeka na kukaa na mjane siku tatu. Baadaye mjane anaingizwa katika orodha ya parokia, na kila mwezi anapata kapu lenye unga, mafuta, maharagi na sabuni. Watu wa parokia nyingine walikuja kujifunza kwetu. Papa Camille, prezida wa komite, mtu wa ofisi mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, aliwaeleza utaratibu huo saa nzima bila kumeza mate.

Upande wa kushoto wa daftari lile, ule wa wazima, ulikuwa mweupe karibu mwaka wote. Mtihani wa mtoto, safari ya mtu kwenda Ulaya, basi. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyaandika majina na kuyasoma. Ninaitwa Euphrasie. Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita, na sauti yangu inafika mlangoni mwa kanisa bila mikrofoni.

Cibalonza alikuja kukaa Nguba mwezi wa tisa wa mwaka 1998, na watoto watatu na godoro moja. Mume wake, Cirhuza, alikuwa koplo katika jeshi la serikali. Mwezi wa nane vita vilianza upya, waasi wakachukua Bukavu, na kikosi cha Cirhuza kikarudi nyuma, kikaenda, kikaenda, mpaka Kasai. Huko kikawekwa mstari wa mbele. Mke alibaki huku, akafukuzwa kambini, akapata chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu karibu na ziwa. Akaanza kufua nguo katika nyumba zetu. Alifua vizuri mno. Kola za mashati ya Papa Camille zilikuwa zinasimama zenyewe.

Miezi ile hakuna aliyemwuliza sana habari za mume wake, naye hakusema. Halafu mwanzoni mwa mwaka 2000 akapata karatasi kupitia Msalaba Mwekundu. Ilikuwa imesafiri miezi saba. Mwandiko ulikuwa wa Cirhuza: yeye ni mzima, yuko kazini, mke awachunge watoto, asichoke kumngoja. Cibalonza alikuja nayo kwenye sala ya shirika, uso unang'aa, akaipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aisome. Tulipiga makofi. Tulimshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata nyumba ya kwanza ilimwambia sabuni imekwisha. Ya pili ilisema siku hizi nguo si nyingi. Ya tatu haikufungua mlango. Kufikia Pasaka alikuwa hana hata nyumba moja ya kufulia, kwa kuwa sasa wote walijua kwa macho yao kwamba mume wa Cibalonza ni askari wa upande wa pili, na kwamba yu hai. Sikatai, woga ulikuwapo. Wakubwa wapya wa mji walikuwa na watu wao wa kusikiliza, na kuna waliochukuliwa nyumbani kwao kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini kuna kuogopa, na kuna kumwacha mama na watoto watatu wafe njaa huku unaimba aleluya. Sisi tulifanya hilo la pili.

Mwezi wa kumi nilimshawishi aje mbele ya komite. Alivaa kikwembe chake cha pekee kilichobaki na rangi, akasimama.

"Maman Aimée," Papa Camille alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa ile sauti yake ya huruma inayonichefua, "tumekusikia. Lakini kapu iko ya bajane. Wewe uko mujane?"

"Hapana, papa."

"Basi uko na bwana. Na bwana njo anachunga bibi yake."

"Bwana yangu iko kazini. Iko mbali."

"Uko na habari yake?"

"Ile karatasi. Muliisoma."

"Ile iliandikwaka mwaka jana." Alivua miwani, akaifuta polepole. "Maman, askari wa mbele, mwaka muzima bila neno, unajua vile inakuwaka. Siku habari ya kweli itafika, hatutakuacha. Tutakuya kwako siye wote. Unatujua."

Nikasimama. "Papa Camille, kumbe tunangojea akufe ndiyo tumupe bibi yake maharagi?"

"Maman Euphrasie, unanielewa mubaya. Hapa iko batu banasikiliza. Banasema shirika inalisha bibi ya askari wa Kinshasa, kesho banakuya kufunga nani? Wewe? Ao Padri?"

Nilimtazama Padri Ignace, paroko wetu, mtu mpole, tena msomi. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Tumuombee," akasema.

Tukamwombea. Salamu Maria kumi, kwa sauti nzuri, za kwanza na za pili. Kisha Cibalonza alirudi kwake mikono mitupu, na Papa Camille akafunga kikao kwa kutushukuru kwa moyo wetu wa upendo.

Tangu siku hiyo watoto wa Cibalonza walikula mara moja kwa siku, saa kumi jioni, ili chakula hicho kihesabike kuwa cha mchana na cha usiku pamoja. Nilijua kwa sababu Aimée, mkubwa wao, alikuwa katika darasa langu. Alikuwa na miaka tisa na mwandiko safi kabisa, ila saa tano ikifika alikuwa analaza kichwa juu ya dawati. Nilimpelekea viazi vyangu mara kadhaa. Mshahara wa mwalimu wakati ule ulikuwa ni hadithi, kwa hiyo viazi vyenyewe havikuwa vingi.

Jumamosi moja alasiri nilipita kwao. Mama yake alikuwa ameenda kuteka maji. Aimée alikuwa amekaa mlangoni anachambua sombe, majani ya mihogo.

"Mwalimu," akaniuliza, kama anavyouliza hesabu darasani, "papa akikufa, na siye tutapata kapu?"

Miaka ishirini na sita nimejibu maswali ya watoto. Niligeuka, nikapanda mlima mpaka kanisani, nikaingia sakristia, nikafungua daftari, na upande wa kulia nikaandika: Cirhuza, mume wa Cibalonza, shirika la Nguba.

Niliyajua niliyokuwa nikiyafanya, na hoja zangu zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko za Papa Camille. Askari aliyekufa haogopwi na mtu. Mke wake anakuwa mjane kama wajane wengine, nyumba zitamrudishia kazi, kapu litafika. Siku Cirhuza akirudi na miguu yake, tutacheka. Wino haumwui mtu, nilijiambia. Kilichobaki ni kumweleza Cibalonza kabla ya misa. Nilikwenda jioni ileile. Nikamkuta anamwogesha mtoto wake mdogo, David, katika beseni, anamwimbia na kumtajia baba yake: papa akirudi ataona vile ulikomea, vile uko mukubwa. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikarudi kwangu. Mimi ninayewaita wengine waoga.

Nilijipa moyo kwamba yeye huwa anakuja misa ya pili, na kwamba katikati ya misa hizo mbili nitawahi kumfikia. Basi asubuhi, katika misa ya kwanza, nilisoma jina. Kanisa lilinong'ona. Papa Camille aliweka mkono kifuani. Na misa ilipoisha, ule utaratibu wetu maarufu ukaanza kufanya kazi yake. Sikujua kama unaweza kwenda mbio namna ile. Nilipomaliza kukunja nguo za altare, watu wapatao thelathini walikuwa wamekwisha shuka njia ya ziwani, mabakuli kichwani, mikeka kwapani, wanaimba wimbo wa kilio.

Nilikimbia nyuma yao. Njia ile ni nyembamba, na usiku mvua ilikuwa imenyesha, sikuweza kuwapita. Nikaita. Nikaita tena. Sauti yangu hiyo inayofika mlangoni ilimezwa na wimbo.

Cibalonza alitoka na bidoni mkononi. Aliona mabakuli. Aliona mikeka. Hakukuwa na haja ya mtu kumwambia kitu. Alikuwa amekwenda yeye mwenyewe hivyo hivyo katika nyumba za wengine.

"Nani alileta habari?" akauliza.

Walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua. Bidoni ilianguka, na yeye akakaa chini katika maji yale, akaanza kuita jina la mume wake. Hakulia kwanza. Aliita tu, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Halafu akalia. Aimée alikuja kumshika shingo, na David akalia kwa kuona wengine wanalia. Wanawake wetu, ambao kazi hiyo wanaijua sana, walikuwa tayari wanatandika mikeka.

Nilipofika mbele nilikuwa sina pumzi. "Hakufa," nikasema. "Cirhuza hakufa. Hakuna habari yoyote. Ni mimi nilimwandika, kusudi mlete chakula."

Wimbo ulikatika vipande vipande, wa mbele wakanyamaza kabla ya wale wa nyuma. Papa Camille alinitazama kana kwamba nimetema mate juu ya altare.

"Uliandika mutu muzima kati ya bafu? Mu kaye ya kanisa?"

Hilo ndilo lililomkasirisha. Mama huyu alikuwa ndani ya matope miguuni pake, na yeye alikuwa anauguza daftari. Ningemjibu, na ningemjibu vibaya, ila sikuwa na mdomo wa kumjibu mtu siku ile. Mimi ndiye niliyemwangusha Cibalonza pale. Papa Camille alimnyima maharagi tu. Mimi nilimpa kifo.

Cibalonza alinyanyuka. Alijipangusa uso kwa kikwembe, akamtazama kila mmoja wetu, kisha akayatazama mabakuli, moja moja. Aliyajua yote. Alikuwa ameyaona katika majiko ya watu alikokuwa akiomba maji ya moto ya kufulia.

"Hii iko ya kwa papa Camille," akasema. "Hii ya kwa muzee wa benki. Hii, yenye maua, ya kwa maman Françoise." Aliinua kichwa. "Kumbe mulikuwa nayo, haya maharagi. Zile siku zote mulikuwa nayo."

Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, mengine ya maaskofu. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Akaanza kuyarudisha. Alichukua bakuli, akaliweka mikononi mwa mwenyewe, akarudi kuchukua jingine. Aimée aliyafuata kwa macho yote jinsi yalivyokuwa yanakwenda. Mtu mmoja alisema, "Bakia nayo, maman, iko ya batoto," naye akajibu, "Iko ya kilio. Kwangu hakuna kilio." Wakaanza kuondoka, wanakwepana macho.

Mmoja tu alibaki, na huyo nitamtaja: Françoise. Alipokea bakuli lake la maua, akatoka nalo mpaka nje ya ua, akageuka, akarudi, akabisha hodi kana kwamba ndiyo anafika.

"Maman Aimée, nimekuletea maharagi," akasema. "Haiko ya kilio. Iko ya leo. Na kesho ukuye kufua, nguo ziko nyingi."

Cibalonza alilichukua. Aimée aliingia ndani kuwasha moto bila kutumwa.

Kisha Cibalonza akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Hakuyangoja.

"Ulimuua mu kanisa," akasema. "Umufufue mu kanisa. Na jina yake yote, sawa vile ulisoma."

Siku tatu baadaye tuliitwa kwa Padri Ignace, mimi na Papa Camille. Papa Camille alikuwa amekwisha tayarisha tangazo, ameliandika kwa mashine: kulikuwa na kosa la uandishi katika nia za Jumapili iliyopita, komite inaomba radhi kwa usumbufu. Jina halimo. Askari hayumo. Mke hayumo.

"Sisomi hii," nikasema.

"Maman Euphrasie, uko mutu wa masomo, fikiri kidogo. Bale bakubwa banakuyaka ku misa. Banakaa banc ya tatu. Utasimama mbele yabo useme tunaombea askari wa adui yabo arudi muzima?"

"Nilipomusoma mufu, hakuna mutu aliogopa. Basi juu ya nini kumusoma muzima njo kunakuwa kosa?"

"Juu mufu hapigi risasi," akasema Papa Camille. Na hapo alisema kweli. Ndiyo sababu tunawapenda wafu.

Padri Ignace alinyoosha mkono. Aliichukua ile karatasi ya mashine, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Halafu alinisogezea daftari.

"Soma ile utaandika," akasema. "Bakiuliza, mutasema ni miye nilituma. Niko paroko, ni miye njo bataita." Nilimsamehe mambo mengi siku hiyo, pamoja na Salamu Maria kumi.

Jumapili nilipanda mbele. Wale wakubwa walikuwa benchi la tatu kama kawaida yao, na vijana wao wenye bunduki wamesimama mlangoni. Cibalonza alikuwa amekaa pembeni, watoto wamepangwa kando yake. Nilifungua upande wa kushoto.

"Wazima," nikasoma. "Cirhuza, mume wa Cibalonza, baba wa Aimée, askari, aliye kazini mbali na nyumba yake. Tunamwombea arudi. Na mimi Euphrasie, niliyemsoma kati ya wafu kwa uongo, naomba msamaha mbele yenu kwa mke wake."

Kijana mmoja wa mlangoni aligeuza kichwa. Mkubwa wa benchi la tatu aliendelea kutazama mbele. Papa Camille alifumba macho. Labda alikuwa anasali. Padri Ignace akaendelea na misa, sauti yake nyembamba kama uzi. Jumanne walimwita kweli, wakamweka juu ya kiti asubuhi nzima, wakamwachilia. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Misa ilipoisha nilikuwa sakristia na Cibalonza, amekuja kuona kwa macho yake mahali nilipoandika. Mlango ulisukumwa kidogo. Aliingia mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Tulikuwa tunamwona kanisani kila Jumapili, peke yake katika benchi la mwisho, maana hakuna aliyekaa karibu naye. Aliitwa Lydie, mtu wa Luvungi. Mume wake alikuwa amevaa sare ya waasi.

"Maman," akaniambia chini chini, "uandike na yangu. Anaitwa Emile."

"Iko wapi?"

"Balimutuma Kasai. Mbele."

Nikafunga daftari. Sitajifanya mwema hapa. Nilitaka kumwambia akamwandikishe kwa wale waliompa mume wake bunduki. Nilitaka kumwuliza kama anajua bunduki hiyo inaelekezwa kwa nani, na huyu aliyesimama kando yangu ni mke wa nani. Nadhani alijua. Alikuwa amesikia nilivyosoma, na bado alikuja.

Cibalonza alimtazama, akamtazama na mtoto.

"Ulipataka karatasi?" akamwuliza.

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja. Tangu mwaka jana."

Nje watu walikuwa wanaagana, watoto wanakimbia juu ya kokoto. Cibalonza alininyang'anya kalamu, maana kuniomba hakuniomba, akafungua daftari yeye mwenyewe, na chini ya jina la Cirhuza akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: EMILE, BWANA YA LYDIE, IKO KAZINI.

"Ukienda kwa papa Camille," akaniambia, "umuambie kapu ziko mbili."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele, nikasoma majina yale mawili, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile inayofika mlangoni. Sikupenda. Nilisoma.